Kama Ni Wewe, Ungefanyaje?

Jina lake nalijua, la baba yake nalijua, na la mbuzi wake mweupe nalijua pia, lakini sitaliandika. Mimi ni mtu wa majina. Niulize nani alikaa wapi kwenye baraza la godauni la pamba pale Bukima, nitakutajia mmoja mmoja mpaka mlango wa nyuma. Lakini yeye mwenyewe alituwekea sheria, kwamba ukizungumzia jambo la mtu, usimtaje mwenyewe. Mtaje wa kwenye mchezo. Basi na mimi nimemshikia sheria yake. Hapa ataitwa Mwalimu wa Redio, kama tulivyomwitaga wote, na ameshakufa, kwa hiyo hawezi kunisahihisha.

Alikuwa mtu wa Butiama. Serikali ilimleta kwetu ziwani kufundisha kisomo cha watu wazima. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la pili, nikaolewa. Herufi hizi ninazoandika ni zake, hata hii g yangu yenye mkia mrefu aliichora yeye kwanza kwenye mchanga, kwa kijiti, siku chaki zilipoisha. Pamoja na ubao alipewa redio moja kubwa ya kijiji kizima, ili watu wakae kikundi wasikilize mafunzo. Redio hiyo ndiyo iliyommaliza, ingawa watu wengine watakwambia ni kitu kingine.

Alikuwa mrefu, mabega yamepinda mbele kama mtu anayepita mlango mfupi. Kaunda suti yake ilikuwa moja, ya kijivu, magotini imekuwa nyeupe. Redio aliifunga kwa kitenge akaibeba mgongoni kama mtoto, maana kwenye baiskeli ingerukaruka. Wanawake tulimcheka sana.

"Mwalimu, mtoto ameota meno?" Nyabise alimuuliza. Nyabise alikuwa jirani yangu, mdomo wake haukujua kulala.

"Ameota, mama, na anauma," alijibu, wala hakucheka.

Miaka hiyo dukani hamkuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya foleni, chumvi ya foleni, na kanga ulipata kama unamjua mtu. Mawe ya redio, yaani betri, ndiyo usiseme. Yakiisha nguvu, Mwalimu aliyapanga mchana juu ya jabali nyuma ya godauni, jua liyachome, na yeye akakaa pembeni na fimbo kufukuza kuku. Mwenye haraka zake angepita akadhani huyu mtu anaanika dagaa. Betri zilizochomwa jua zilitoa kama nusu saa ya sauti. Na mchezo wenyewe ulikuwa nusu saa. Kwa hiyo redio yetu ilifunguliwa ngoma ya mchezo ikianza, ikafungwa muziki wa mwisho ukiingia. Haikusema kitu kingine.

Mchezo ulikujaga jioni, mara mbili kwa wiki. Ulikuwa na watu wenye nyumba zao, wagomvi wao, mashemeji wao, tukawajua kuliko jamaa zetu wa Majita ya ng'ambo. Tulifundishwa humo kuchimba choo, kupeleka mtoto kliniki, kumwacha binti amalize shule kwanza. Na siku zote, jambo likishapamba moto, mmoja anamuuliza mwenzake swali gumu, mwenzake ananyamaza, muziki unaingia. Hapo hapo Mwalimu anazima, pap, kama anayeua mbu. Anatugeukia.

"Haya. Kama ni wewe, ungefanyaje?"

Anayenyooshewa kidole lazima asimame. Anaanza, "Kama ni mimi," ndipo aseme yake. Hairuhusiwi kusema "kama yule jirani yetu" wala "kama ilivyotokea pale kwa fulani". Akisema vizuri, Mwalimu anatikisa kichwa: "Sawasawa. Kaa." Akisema ovyo anaachwa amesimama. Nimewahi kumwona mzee mzima amesimama mpaka mbuzi wanarudi.

Kwa njia hiyo tulimaliza siri zetu zote kwa majina ya watu wengine. Siku moja Mafuru, ambaye ngumi zake tulizisikia kijiji kizima, alisimama akamlaani yule mwanaume wa redio anayempiga mkewe. Alimlaani mpaka jasho likamtoka. Mkewe Tabitha alikuwa nyuma kwenye mizani ya pamba, ambako waliochelewa ndiko walikokaa.

"Na huyo wa redio amsikilize Mafuru," Tabitha alisema.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mafuru hakumgusa mkewe mwezi mzima. Ulikuwa mwezi mmoja, sitaki kuongeza.

Sasa, usidhani nakuchorea malaika. Mwalimu aliwafundisha wanaume wa Bukima kupika, na yeye mwenyewe uji ulimshinda, alikulaga kwa watu. Alitufundisha habari za maji safi, lakini ziwa aliliogopa. Miaka yote aliyokaa kwetu hakuna aliyemwona ameingia maji kupita kifundo cha mguu. Alisema pombe inavunja nyumba, na Jumamosi ungemkuta kwa mama mpika gongo, amekaa kwenye kigoda, redio ameifunika kitenge isimwone. Nyabise alipomuuliza, alijibu, "Leo si siku ya mchezo." Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na siku za kufundisha na siku za kuishi, na alidhani zinaweza kukaa mbalimbali zisikutane.

Halafu kuna lile la Mzee Maregesi. Hili linaniuma mpaka leo, na mimi sikuwa hata ndugu.

Redio wakati ule ndiyo iliyotangaza vifo. Mtu akifia mbali, ndugu wanapeleka tangazo, linasomwa mchana: fulani wa Bukima popote alipo, anaarifiwa kuwa mtoto wake amefariki, mazishi kesho. Wengine walimwomba Mwalimu afungue kidogo mchana, matangazo tu. Alikataa. "Mkila betri mchana, jioni mchezo mtausikiliza kwa nini, kwa pua?" Basi Mzee Maregesi alikuwa na binti yake Nyasatu ameolewa Tabora. Nyasatu akafa kwa uzazi. Walitangaza siku mbili. Sisi redio yetu ilikuwa kwenye kitenge, imelala, inangoja mchezo. Siku ya tatu jioni tulisikiliza mchezo habari za mama mjamzito kuwahi hospitali, na Maregesi mwenyewe alisimama akajibu vizuri sana, akaambiwa kaa. Habari ya mtoto wake ilimfikia baada ya wiki, kwa mdomo wa mwendesha lori.

Mwalimu alikwenda kwa Maregesi na betri zote alizokuwa nazo, mpya mbili na za kuchoma jua. Akaziweka miguuni pa mzee. Maregesi alizitazama. Akawaita wajukuu zake akawagawia wachezee. Kwa wiki nzima tuliona zile betri zinasukumwa njiani, magurudumu ya vigari vya mabua, na Mwalimu akipita na baiskeli anashuka, anatembea kwa miguu, anazipisha.

Tangu hapo alifungua matangazo ya vifo kila siku. Mchezo ukawa unakatika katikati kwa kukosa nguvu. Watu walinung'unika. Yeye alisema, "Nyamazeni. Mbona mwisho wake mnaujua."

Na kweli tuliujua, maana ndipo ugonjwa wa kukonda ulipofika. Ulifika kwanza kwenye mchezo, ukaja visiwani kwa wavuvi, ukaishia majumbani. Kwenye mchezo kulikuwa na mjane, Mama Chausiku, mumewe amekufa amekonda, na shemeji yake anataka kumrithi. Tulimchukia yule shemeji mpaka sauti yake. Alikuja bwana mmoja wa ofisi kutoka Musoma kukagua kisomo, bahati mbaya sauti yake ni ile ile, nzito ya puani, na Tabitha akamnyima maji ya kunywa. "Kanywe kwa Mama Chausiku," alimwambia. Bwana yule hakuelewa mpaka anaondoka.

Mama Chausiku alikubali kurithiwa. Baada ya miezi, akafa. Jioni ile hakuna aliyengoja kuulizwa. Nyabise alijishika kichwa akapiga ukunga, na wanawake wakaitikia, na kesho yake watu walikuja godaunini na unga kwenye ungo, na kuni, kama tunavyofanya msibani. Unga wa msiba wa mtu wa redio! Nilidhani Mwalimu atacheka au atakasirika. Aliupokea unga. Akatandika jamvi, tukakaa matanga.

"Lieni," alisema. "Lieni tu mzoee."

Nyabise hakumaliza miaka mitatu. Nilimlilia bila kupiga ukunga, sauti ilikuwa imeisha.

Mume wangu Magesa alirudi kutoka visiwani mvua za vuli, amekuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Mama yake alisema amerogwa. Mimi nilikuwa nimesikiliza mchezo, nilijua. Alikufa kabla ya mavuno, na arobaini ilipopita ukoo ukakaa kunigawa. Mdogo wake, shemeji yangu Manyama, ndiye aliyechaguliwa aingie nyumba. Wakati huo nilikuwa na watoto watatu, mkubwa Bwire. Kama nina mdudu au sina, nilikuwa sijui. Hakukuwa na mahali pa kupima pale kwetu. Nilijua tu nilichokisema mwenyewe godaunini mbele ya watu, nimesimama, siku ya Mama Chausiku: "Kama ni mimi, ningekataa." Nami niliambiwa, sawasawa, kaa.

Nilimwendea Mwalimu nikamwambia, njoo unisimamie. Alikuja na ile kaunda suti, redio hakuja nayo. Nikasema mbele ya ukoo kwamba nakataa.

"Huyu ni mwanamke wa redio," Manyama alisema. "Si wetu tena."

Mkubwa wa ukoo, Mzee Kusaga, hakuwa mtu wa kelele. Alimgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, sisi na redio yako hatugombani. Imesema tuchimbe vyoo, tumechimba. Lakini nikuulize. Kwenu Butiama, ndugu yako wa tumbo moja akifa, na wewe mke wake utamwacha?"

"Nitamwacha," alisema Mwalimu. "Mbele yenu wote. Nitamwacha awe huru."

"Awe huru aende wapi?"

Watu walimtazama.

"Hilo tutaliona wakati huo," alisema.

Lilikuwa jibu la ovyo. Angekuwa ni mwanafunzi wake angemwacha amesimama. Lakini mimi siku ile nilisikia lile la kwanza tu, nitamwacha. Nilishika hilo. Walichukua mtumbwi, walichukua nyavu, shamba la mihogo wakampa Manyama. Nyumba walinibakizia, ila paa likavuja, na hakuna mwanaume wa Bukima aliyepanda kuliezeka, kwa kuogopa kuonekana ameingia. Mvua ya pili niliondoka na watoto wangu nikaenda Nyasura, pale Bunda, nikakaanga samaki sokoni. Nilikaanga sato, nilikaanga furu, na sangara walipoanza kwenda wote viwandani Musoma, nikakaanga vichwa vyao na mifupa, maana ndivyo tulivyoachiwa. Mwili wangu haukukonda. Siku vipimo vilipofika nilipimwa, nikaambiwa sina. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikalia kama mtu aliyeambiwa anaye.

Basi hao watoto watatu na hawa wajukuu, uhai wao niliupata kwenye lile baraza. Hilo nataka lieleweke kabla sijasema linalofuata.

Wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa, vitu vilijaa. Mitumba, sabuni za kila rangi, betri kwenye kila kibanda, na redio kaseti zenye spika mbili. Kila nyumba ikawa na redio yake, na kila redio inaimba yake. Nilipitaga Bukima kuzika watu, nikaona godauni la pamba limefungwa kufuli, mizani imeng'olewa. Mchezo ulikuwa bado upo, lakini ukisikiliza peke yako jikoni hakuna anayekunyooshea kidole. Muziki ukiingia unageuza stesheni. Serikali nayo ikapunguza watu kazini, Mwalimu akawa mmoja wao. Alirudi Butiama na baiskeli yake. Ile redio kubwa, walisema, aliirudisha ofisini Musoma akaandikiwa risiti, na aliyeipokea aliiweka chini ya meza kwenye vumbi huku Mwalimu bado amesimama.

Halafu Tabitha, aliyekuwa amehamia Bweri, alikuja kwangu Nyasura kununua samaki. Aliegemea meza yangu.

"Mama Bwire, umesikia ya Mwalimu?"

"Amekufa?"

"Bora hiyo. Kaka yake dereva amekufa, amekonda. Na Mwalimu ameingia nyumba."

Nilimwambia anaongopa. Akaapa kwa watoto wake. Mafuta yaliungua mbele yangu, nikayaacha yaungue. Sikumhurumia, nisikudanganye. Nilimchukia miaka miwili mizima. Niliona kama amekuja Bukima akaninyang'anya mtumbwi, nyavu na paa kwa mkono wake, kwa neno ambalo yeye mwenyewe hakuliweza. Nilikuwa naongea naye peke yangu nikigeuza samaki: kwa hiyo ulikuwa unatuchezea. Kwa hiyo ilikuwa siku ya mchezo tu.

Niliposikia anaumwa sana ndipo nikaenda. Nilikwenda ili nimuulize, si kumwona mgonjwa. Nilifunga sato wakavu kwenye gazeti, nikapanda lori la pamba kwa njia ya Nyamuswa, nikateremka nikatembea.

Nilimkuta amekaa juani, mgongo ukutani, blanketi mpaka shingoni, saa tano asubuhi. Yale mabega hayakuwa na kitu cha kupinda tena. Pembeni kulikuwa na redio ndogo, mpya, inaimba. Aliponiona aliizima. Pap.

"Mama Bwire," alisema. "Umenona."

"Nauza samaki, Mwalimu. Wanabaki nakula."

"Watoto?"

Nikamtajia mmoja mmoja, Bwire, Nyangeta, Musira, na walichokuwa wanafanya. Kila jina alitikisa kichwa. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima kwenye lori. Lakini akayaanza yeye.

"Walimtaka mjomba mmoja amchukue mke wa kaka," alisema. "Mlevi. Ana wake wawili amekwisha kuwazika. Kama si yeye, basi mama aondoke, watoto wanne wabaki. Na mvua imeanza, wamesema asishike jembe mpaka kuwe na mtu wa kuingia nyumba. Nikasema nitaingia mimi. Nikadhani nitaigiza tu, Mama Bwire."

"Kuigiza?"

"Nilikuwa najua michezo. Nilichukua mkeka wangu nikalala upande wa mlango. Asubuhi natoka, ukoo unaniona, basi. Wameridhika, mama amelima. Nilihesabu msimu mmoja." Alikohoa muda mrefu. "Ule wa redio ni nusu saa. Huu haukuwa na mtu wa kuuzima. Msimu mmoja, miwili. Nyumba yenyewe ndogo. Watu wawili wanaomlilia mtu mmoja. Niliyajua yote, nimeyafundisha yote. Hata hivyo."

Kuku alipita, akamfukuza kwa kidole, kama wakati wa betri.

Halafu akanitazama, na nikaona yale macho yake ya godaunini, na nikajua kinachokuja, na sikuwa na pa kukimbilia.

"Haya," alisema. "Kama ni wewe, ungefanyaje?"

Nilisimama. Miguu ilisimama yenyewe, ilifundishwa. Nilitaka kumpa uongo mzuri, mtu anakufa, uongo ungenigharimu nini? Lakini niliwakumbuka Bwire na Nyangeta na Musira. Nikiukana ule mwaka niliokataa, nawakana wao.

"Kama ni mimi," nikasema, "ningekataa."

Alitabasamu. Meno yalikuwa yamekuwa makubwa usoni.

"Sawasawa," alisema. "Kaa."

Sikukaa, maana mlangoni alikuwa amesimama mjane wa kaka yake, kikombe cha uji mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Na yeye alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Hakuwa na hasira. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kufundishwa.

"Na mimi, dada, ningeenda wapi?"

Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama redio. Hapo ndipo siku zote muziki ulipokuwaga unaingia. Pale Butiama haukuingia. Nilibaki nimesimama katikati ya ule uwanja, jua kichwani, samaki wangu bado kwapani kwenye gazeti.

Mama yule akashuka kizingiti, akampita Mwalimu, akanipa mimi kikombe kwanza, kwa sababu ndimi niliyekuwa mgeni.